Mzazi, mwache mtoto achore ng'ombe anayemwona

Mwambie mtoto wa darasa la tatu achore ng'ombe. Hatakuuliza ng'ombe yupi. Atachora boksi, ataliwekea miguu minne iliyosimama kama ya meza, mkia, pembe mbili na jicho moja. Baada ya dakika mbili atakuonyesha daftari na kusema amemaliza.

Mtoto huyo anaweza kuwa anaishi Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, mahali ambapo ng'ombe hupita karibu na nyumba za watu asubuhi na jioni. Pengine ni yeye anayewafungulia zizi. Anamjua yule mwenye pembe iliyovunjika, yule anayepiga teke akikamuliwa, na yule anayependa kubaki nyuma ya wenzake. Lakini akishika penseli, wote hao wanapotea. Anabaki ng'ombe mmoja tu, yule wa ubaoni.

Sasa mpeleke mtoto huyo huyo karibu na zizi, mwambie amchore ng'ombe aliyelala anayecheua. Ng'ombe amekunja miguu, na kutoka pale mtoto alipoketi inaonekana miwili tu. Mtoto anachora miwili. Mtu mzima anapita, anachungulia, anacheka: "Ng'ombe gani huyu wa miguu miwili? Ongeza mingine."

Mtoto anafuta, anaongeza. Mchoro sasa una miguu minne na kila mtu ameridhika. Ila kilichofutwa pale ni zaidi ya mistari ya penseli. Mtoto ametoka na somo kwamba alichokiona kwa macho yake hakihesabiki, kinachohesabika ni kile ambacho wakubwa wanakijua tayari. Somo hilo likirudiwa mara nyingi, mtoto huacha kutazama.

Kuchora mnyama aliye hai, akiwa mbele ya macho, ni dawa nzuri ya tatizo hilo. Haihitaji kipaji, haihitaji fedha nyingi, na mzazi hahitaji kujua kuchora. Anachohitaji ni kuketi na kunyamaza kwa muda.

Kwa nini ni muhimu kwa familia ya mfugaji

Ukanda wa Kahama, Msalala na Geita unajulikana kwa dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu uko jirani na Bugarama, na wachimbaji wadogo wametapakaa katika vijiji vingi. Mazungumzo ya watu wazima ni maduara, karasha na bei ya gramu. Lakini kwa familia nyingi za hapa akiba ya kweli bado inatembea kwa miguu. Ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, ni nauli ya kwenda hospitali. Kuku ni chumvi, sabuni na daftari.

Akiba inayotembea ina hasara moja: inaugua. Tena haisemi inaumwa wapi. Wa kwanza kugundua ni yule anayeitazama, na mara nyingi huyo ni mtoto.

Chukua ugonjwa wa mdondo wa kuku, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Kuku anaanza kuzubaa, mabawa yanashuka, manyoya yanavimba, anaharisha kijani, na wengine shingo inajipinda. Mtoto aliyezoea kumchora jogoo wa nyumbani anajua bawa lake hukaa wapi akiwa mzima. Siku likishuka kidogo, atauliza: "Mama, mbona leo bawa limelala?" Swali hilo linaweza kumfikia mzazi siku moja kabla ya vifo kuanza, mapema ya kutosha kuwatenga wagonjwa na kumwita mtaalamu wa mifugo.

Kinga bado ni chanjo, ile ya matone ya jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mchoro hauponyi kuku. Lakini jicho lililofunzwa kutazama huona mabadiliko mapema: mbuzi anayechechemea, ng'ombe aliyeacha kucheua, ndama ambaye masikio yake yamelegea.

Faida nyingine inamsubiri shuleni. Mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo, na mtoto atakapofika sekondari, mtihani wa vitendo wa Baiolojia unaweza kumwekea mezani panzi au jani na kumtaka achore. Anayejua kutazama atamchora panzi aliye mbele yake. Aliyezoea kunakili atamchora panzi wa kitabuni, na msahihishaji ataona tofauti.

Kifaru ambaye mchoraji hakumwona

Kuna kisa cha kale kutoka Ulaya kinachofaa kusimuliwa mtoto kabla hajaanza.

Mwaka 1515 kifaru alifikishwa Lisbon, Ureno, kwa meli kutoka India. Watu wa huko hawakuwahi kuona mnyama wa namna hiyo, na habari zake zikasambaa haraka. Zikamfikia Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri wa Ujerumani, kwa njia ya barua na mchoro mdogo uliochorwa na mtu mwingine. Dürer hakwenda Lisbon, wala hakumwona kifaru huyo maisha yake yote. Lakini alimchora.

Mchoro wake ulipendwa sana, na ulinakiliwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 200. Tatizo ni kwamba kifaru yule ana ngozi kama mabati yaliyopigwa ribiti, miguu yenye magamba, na pembe ndogo ya pili iliyoota mabegani, mahali ambapo hakuna kifaru mwenye pembe. Vizazi kadhaa vya watu wa Ulaya viliamini kwamba kifaru yuko hivyo.

Miaka 13 kabla ya hapo, mwaka 1502, Dürer huyo huyo alimchora sungura wa porini. Mchoro huo umehifadhiwa Vienna, Austria. Kila unywele wa sungura unaelekea upande wake, masikio hayalingani, na ndani ya jicho kuna mwanga unaofanana na wa dirisha. Ukiutazama unaona kwamba mtu huyu alikaa na sungura akamchunguza.

Mkono ni ule ule na kipaji ni kile kile. Sungura ametoka kwenye kutazama, kifaru ametoka kwenye kuambiwa. Mtoto wa Bugarama anayechora ng'ombe wa ubaoni anafanya kama Dürer alivyofanya kwa kifaru, ila yeye hana sababu ya kufanya hivyo, maana ng'ombe yuko nje ya mlango.

Mchoraji aliyezaliwa Tabora

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 1935, mjini Tabora, katika mkoa unaopakana na Shinyanga, alizaliwa mtoto wa familia ya Kiingereza aliyeitwa Jonathan Kingdon. Alikulia Tanganyika, akasomea sanaa Uingereza, kisha akarudi Afrika Mashariki na kufundisha uchoraji katika Chuo cha Makerere, Uganda, kuanzia mwaka 1960.

Huko ndiko alikoanza kazi iliyomchukua miaka mingi: kuwaeleza na kuwachora wanyama wanyonyeshao wa Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilichapishwa kati ya mwaka 1971 na 1982, ikajaza vitabu saba. Ndani yake kuna popo, panya, nyani, swala na tembo. Kingdon aliwachora wakila, wakikimbia, wakijikuna, wakikunja nyuso kwa hasira. Alichora pia mifupa na misuli iliyo chini ya ngozi, ili aelewe kwa nini mnyama anatembea anavyotembea. Wanasayansi wa wanyamapori wanavitumia vitabu hivyo mpaka leo.

Kingdon hakuwa mwanasayansi aliyejifunza kuchora kidogo. Alikuwa mchoraji, na kwake kuchora kulikuwa njia ya kuchunguza. Mtu anapomchora mnyama hulazimika kuuliza maswali ambayo mtazamaji wa kawaida hayafikirii: mguu huu unaungana wapi na mwili? Kwa nini shingo inapinda hapa?

Utamaduni wa kuchora wanyama haukuletwa na wageni, bila shaka. Katika miamba ya Kondoa, mkoani Dodoma, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, kuna twiga, pofu na tembo waliochorwa na watu walioishi kwa kuwafuata wanyama. Hapa Usukumani, wanachama wa chama cha wacheza na nyoka, Bayeye, walichora nyoka na viumbe vingine kwenye kuta za ndani za nyumba zao. Hans Cory, mtafiti aliyeishi muda mrefu Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953. Wacheza ngoma wa Kisukuma wanaocheza na chatu hadi leo wanajua jambo moja ambalo kila mchoraji wa wanyama analijua: usipomtazama vizuri huyu mnyama, utaumbuka.

Je, mtoto akichora simba wa zambarau mwenye mbawa, amekosea? La. Michoro ya Tingatinga, iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, imejaa wanyama wenye rangi na madoa ambayo hayapo mbugani, na dunia nzima inaipenda. Kuchora kutoka kichwani ni zuri, na mtoto aachwe alifanye. Kuchora kutoka machoni ni kazi nyingine. Mtoto anahitaji vyote viwili, lakini hiki cha pili ndicho kinachosahaulika nyumbani.

Vifaa visivyozidi bei ya soda

Penseli moja laini inatosha. Zile zilizoandikwa 2B hukoza vizuri kuliko HB ya kawaida ya shule, lakini HB nayo inafaa. Karatasi isiyo na mistari ni bora, kwa sababu mistari ya daftari humvuta mtoto anyooshe kila kitu. Ikikosekana, tumia upande mweupe wa karatasi zilizochapishwa upande mmoja, au ndani ya boksi lililokunjuliwa. Mkaa wa jikoni huchora vizuri kwenye boksi.

Mtafutie kipande cha boksi gumu au mbao nyembamba awekee karatasi, na kibanio cha nguo cha kuishikilia upepo ukija.

Kifutio kiache ndani ya nyumba. Mtoto mwenye kifutio hutumia nusu ya muda akifuta, na mnyama hamsubiri. Mstari ukikosewa, achore mwingine pembeni yake. Michoro ya wanyama ya wachoraji wakubwa imejaa mistari ya namna hiyo.

Simu yako nayo ina kazi moja tu: kupima muda. Usimpigie mnyama picha ili mtoto anakili. Picha imeshaamua kila kitu kwa niaba yake: upande, umbali na sekunde. Mnyama hai humlazimisha mtoto aamue mwenyewe.

Hatua za kuanzia

Anza na mnyama ambaye hatakimbia. Ng'ombe aliyelala anacheua ni mwalimu mzuri kuliko wote, na ukijumlisha muda wote anaocheua kwa siku unaweza kufika hata saa nane. Mbuzi aliyefungwa kamba, punda aliyesimama kivulini, na kuku anayeatamia, akitazamwa kwa mbali, nao wanafaa. Jogoo na vifaranga waje baadaye.

Dakika tano za kwanza, penseli iwe chini. Mtoto atazame tu. Akuambie mambo matatu aliyoyaona ambayo hakuyajua jana. Hapa ndipo kazi kubwa inapofanyika, na ndipo wazazi wengi hukosa subira.

Aanze na mstari mmoja wa mgongo. Kutoka kichwani, ushuke shingoni, upande nundu, upite mgongoni mpaka kwenye mkia. Ng'ombe wetu wa asili wana nundu, na mtoto anayemchora ng'ombe wa kitabu cha kigeni huisahau kabisa. Mstari huo ukikaa sawa, mnyama ameshaanza kuonekana.

Kisha maumbo makubwa: kiwiliwili kama yai kubwa, kichwa kama kabari, shingo inayoviunganisha. Macho, madoa na kwato ni mambo ya mwisho. Watoto hupenda kuanza na jicho, kisha wanakosa nafasi ya mwili.

Macho yawe zaidi kwa mnyama kuliko kwenye karatasi. Ukimwona mtoto ameinamisha kichwa muda mrefu, jua ameanza kuchora kutoka kichwani. Mwambie kwa upole, "Mtazame tena."

Mnyama akisogea, mtoto asikasirike wala asimfuate. Auache mchoro huo ulivyo, aanze mwingine pembeni, kwenye karatasi ile ile. Wanyama hurudia mikao yao. Mbuzi aliyeinua kichwa atainama tena, na mtoto atarudi kwenye mchoro wa kwanza na kuuendeleza. Ukurasa mmoja wenye vipande sita, sikio hapa, mguu pale, ni kazi nzuri kuliko mbuzi mmoja mzima wa kubuni.

Kwa kupima, anyooshe mkono akiwa ameshika penseli, afumbe jicho moja, apime urefu wa kichwa cha ng'ombe kwa kidole gumba. Kisha ahesabu mwili ni vichwa vingapi. Watashangaa, yeye na wewe.

Mwishoni aandike tarehe, saa, mahali, na sentensi moja. "Jumamosi, saa kumi na moja jioni, zizini. Alikuwa anafukuza inzi kwa sikio la kushoto."

Maswali ya kumfungua macho

Mzazi asiyejua kuchora anaweza kuwa mwalimu mzuri kwa kuuliza tu. Haya ni maswali ambayo majibu yake yako uani kwako, na watu wazima wengi hawawezi kuyajibu bila kutoka nje kutazama.

Sikio la ng'ombe liko juu ya pembe au chini yake? Watoto wengi hulichora juu. Ukitazama, pembe huota juu na sikio hukaa chini na nyuma yake.

Ng'ombe akiinuka kutoka kulala, huanza kuinua mbele au nyuma? Wachungaji watajibu haraka: huinua nyuma kwanza. Punda hufanya kinyume, hunyoosha miguu ya mbele kwanza. Mtoto asiambiwe jibu. Angoje aone.

Mboni ya jicho la mbuzi ina umbo gani? Si duara kama ya mtu. Ni kama mfereji uliolala. Mbuzi akiinama kula, jicho lake huzunguka ili mfereji huo ubaki sambamba na ardhi, naye aendelee kuona pande zote za upeo.

Goti la kuku linakunja kwenda mbele au nyuma? Swali hili lina mtego. Kile kiungo kinachokunja kwenda nyuma, ambacho wengi hukiita goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya, na hukunja mbele kama la mtu.

Kuku akitembea, kichwa chake hufanya nini? Hutangulia mbele, husimama kidogo, mwili ukifuata. Kichwa kinapotulia ndipo anapoona vizuri.

Na yule mjusi wa kwenye mawe mwenye kichwa chekundu, mbona anainuka na kuinama kama anayepiga pushapu? Dume hufanya hivyo kuonyesha eneo ni lake. Haongopi mtu. Anamtangazia mwenzake.

Mtoto akijibu swali moja kwa kwenda kutazama mwenyewe, hatasahau. Akijibiwa na mzazi, kesho atauliza tena.

Maneno yanayovunja na yanayojenga

Tatizo kubwa la mchoro wa mtoto kwa kawaida ni sisi. Tunasema "Hii ni mbwa au mbuzi?" tukicheka. Tunachukua penseli na kumrekebishia. Tunamlinganisha na kaka yake. Au tunasema "Umechora vizuri sana" bila kuutazama mchoro, na mtoto anajua hatukuutazama.

Jaribu hivi. Keti karibu naye, si nyuma yake. Mwache amalize. Kisha mwambie, "Nionyeshe mahali palipokuwa pagumu." Atakuonyesha. "Pale pakoje kwa mnyama mwenyewe? Hebu tutazame wote." Mtatazama wote, naye ataona mwenyewe kilichopungua.

Akichora miguu miwili, usimwambie aongeze. Muulize, "Kutoka hapa ulipokaa, inaonekana mingapi?" Kama inaonekana miwili, amechora sawa. Mwambie hivyo: amechora alichokiona. Sifa hiyo ina uzito kuliko "umechora vizuri", kwa sababu ni ya kweli na ina ushahidi.

Wakati mwingine babu au bibi aliyechunga ng'ombe maisha yake yote ndiye mhakiki bora. Mpelekee mchoro umuulize, "Babu, huyu ni yupi?" Akimtaja ng'ombe mwenyewe kwa nundu yake au kwa pembe yake, mtoto amepata tuzo kubwa kuliko maksi za shuleni.

Kila umri na kazi yake

Mtoto wa miaka minne hadi sita achore kwa kijiti kwenye mchanga au kwa mkaa kwenye boksi. Usitegemee mfanano. Tegemea atazame kwa dakika tatu na akuambie kitu kimoja.

Wa miaka saba hadi kumi anaweza kuketi dakika 15 hadi 20. Huu ndio umri ambao watoto huanza kuona aibu na kusema "sijui kuchora". Wakianza mapema kuchora kwa kutazama, wengi huvuka daraja hilo bila kuacha.

Wa miaka 11 na kuendelea apewe kazi ya muda mrefu: ndama mmoja, mchoro mmoja kila Jumamosi, miezi mitatu. Ataona miguu mirefu ikilingana na mwili, pembe zikichomoza na nundu ikijaa. Mwisho atakuwa na kumbukumbu ya ukuaji ambayo hata afisa mifugo ataifurahia.

Usalama kwanza

Kuchora kufanyike uani, zizini au malishoni palipo wazi, mtu mzima akijua mtoto alipo. Kwa wanaoishi karibu na machimbo, mtoto asiende kuchora ndege au mijusi kwenye maduara yaliyoachwa wala kwenye mialo. Mashimo hubomoka na hujaa maji msimu wa mvua, na udongo na maji ya mialo vinaweza kuwa na zebaki au sayanidi.

Akae nje ya uzio wa fahali, wa ng'ombe mwenye ndama mchanga na wa mbwa asiyemfahamu. Akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbizwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki.

Nyoka asichorwe akiwa hai, hata kama ni mdogo.

Mnyama aliyekufa ghafla asiguswe na mtoto wala asichunwe. Anaweza kuwa na kimeta. Afisa mifugo aitwe. Wachoraji waliochunguza mizoga walikuwa watu wazima wanaojua wanachofanya.

Na mnyama naye ana haki yake. Mjusi asifungwe uzi, panzi asing'olewe miguu ili atulie, kuku asifungwe mabawa. Mtoto anayejifunza kungoja mnyama atulie mwenyewe anajifunza jambo litakalomsaidia hata kwa watu.

Daftari linalobaki

Familia za wafugaji zinajua siku ya kuuza. Januari inafika, ada inatakiwa, na ng'ombe mmoja anapelekwa mnadani. Watoto hulia kimyakimya, kwa sababu walimjua. Baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka vizuri doa lake lilikuwa upande gani.

Nyumba yenye daftari la michoro inakumbuka. Lipo sikio lake lililochanika, ipo pembe iliyopinda, kuna tarehe na saa kumi na moja jioni. Mchoro unaweza kuwa umepinda na miguu ikawa miwili. Lakini ni yeye, na aliyemjua atamtambua.

Jioni ya leo ng'ombe wakirudi, tafuta penseli na kipande cha boksi. Kaa na mtoto nje. Dakika 20 zinatosha. Akikuuliza achore nini, mwambie achore anachokiona. Kisha nyamaza, mtazame akitazama.